Uzi wa wanaoanza kupiga na kuhariri picha: mwanga kwanza, programu baadaye

#1 Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu.

Swali linalorudi kila mara kwa wanaoanza ni moja: programu gani nzuri ya kuhariri picha? Majibu huja kwa wingi, mtu anapakua zote, anavuta kila kinachovutika, na picha inatoka ngozi ikiwa ya rangi ya chungwa na mawingu yamegeuka moshi. Mwishowe lawama zinaangukia simu. Inaniuma, kwa sababu wengi wao wana jicho zuri. Wanajua pa kusimama na wakati wa kubonyeza. Wameanzia mwisho tu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kuhariri ni kumalizia kazi ambayo mwanga ulishaianza. Programu inasogeza, inapunguza na kuongeza kile kilichomo ndani ya faili. Kama kitu hakikuingia ulipobonyeza, hakuna kitelezi, kile kitufe cha kuvuta kwenye programu, kitakachokirudisha. Kwa hiyo anayetaka kujua kuhariri ajifunze kwanza kulinda mwanga.

Chukua picha iliyoungua. Sehemu fulani ikipokea mwanga mwingi kuliko uwezo wa kihisi cha kamera, pikseli zake, vile vidoa vidogo vinavyounda picha, hujaa na kuishia hapo. Faili la JPEG, lile la kawaida la picha, lina ngazi 256 kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Zote tatu zikigota 255, pale hakuna tena wingu, hakuna mshono wa shati, hakuna mkunjo wa shela la bibi harusi. Ukivuta mwanga chini unapata kijivu kitupu mahali palipokuwa na weupe mtupu. Kivuli kina huruma zaidi. Ukikiinua, mara nyingi kuna nywele, kuna jicho, kuna kitu, ila kitakuja na chengachenga, yaani vidoadoa kama mchanga. Ndiyo maana wanaopiga kwa dijitali hupima mwanga kwa sehemu nyeupe iliyo muhimu, vivuli wakaviinua baadaye.

Kwenye simu, gusa skrini juu ya kitu unachotaka kionekane. Simu nyingi zitaonyesha alama ya jua pembeni. Telezesha kidole chini taratibu hadi weupe uache kuwaka. Kwenye kamera washa histogramu, ule mchoro wa vilima. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Vilima vikibanana ukutani upande wa kulia, kuna kitu kimeungua. Usihangaike kutafuta kilima kizuri katikati: picha ya usiku inastahili kulalia kushoto, na picha ya ukungu haina haja ya kugusa kushoto kabisa. Tazama ukuta wa kulia, ujiulize kilichoungua ni nini. Kikiwa ni jua lenyewe au taa yenyewe, achana nacho. Likiwa ni paji la uso, rudia.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi: kamera haijui inapiga nini. Kipimo chake cha mwanga kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kitatoa kijivu cha kati, kile kinachoakisi takribani asilimia 18 ya mwanga. Mtu amesimama mbele ya ukuta mweupe? Kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, ukuta unakuwa wa kijivu na uso unazama. Koti jeusi limejaza fremu? Inaongeza mwanga, koti linapauka. Kamera za kisasa hutambua nyuso na kujirekebisha, lakini bado hudanganyika. Ndipo kile kitufe cha + na − kinapopata kazi. Kwenye weupe mwingi ongeza, kwenye weusi mwingi punguza. Inasikika kinyume mpaka ukumbuke kwamba hapo unaisahihisha kamera.

Uhariri wenyewe nitaushusha chini. Maswali yaje.

#2 Mdau wa kwanza

Mkuu ubarikiwe, niko siti ya mbele. Nina kamera ya kubadilisha lenzi na bado naitumia kwa otomatiki tu. Kinachonichanganya ni namba ya f. Naambiwa f/2 ni tundu kubwa la kupitishia mwanga kwenye lenzi, f/16 tundu dogo. Na kati ya tundu, shata na ISO, naanza kugusa kipi?

#3 Mwanzisha uzi

Isome kama sehemu kwenye hesabu. Hiyo f ni urefu wa fokasi wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2 ina tundu la 50 gawanya kwa 2, yaani milimita 25. Ikiwa f/16 ni milimita 3 na kidogo. Namba zenyewe zinakwenda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua mbele inakata mwanga nusu. Zinaongezeka kwa takribani mara 1.4 kwa sababu ukigawanya upana wa duara kwa 1.4, eneo lake linabaki nusu.

Vyote vitatu vinahesabiwa hivyohivyo, kwa nusu na maradufu. Shata, yaani muda ambao kihisi kinapokea mwanga, kutoka sekunde 1/100 kwenda 1/200 ni nusu ya mwanga. ISO kutoka 100 kwenda 200, picha inang'aa maradufu. Ukifunga tundu hatua moja na kupunguza kasi ya shata hatua moja, mwangaza unabaki uleule lakini picha ni nyingine, maana kila kimoja kina tabia yake. Tundu linaamua ni kiasi gani cha picha kitakuwa kikali: f/2 inaacha macho makali na nyuma ikiyeyuka, f/11 inaleta mtu na mlima pamoja. Shata inaamua mwendo. ISO haiingizi mwanga wowote. Inakuza kilichopokelewa, na chenga zinakua pamoja nacho.

Uanze na kipi? Inategemea unapiga nini. Mtu ametulia, chagua tundu wewe na uiachie kamera shata. Kwenye kamera nyingi ni alama ya A au Av. Mtoto anakimbia, chagua shata, alama ya S au Tv, uanzie 1/500. ISO iache otomatiki mwanzoni. Ukishika kamera kwa mkono, shata isiwe polepole kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi: lenzi ya 50 isishuke chini ya 1/50, ya 200 isishuke chini ya 1/200. Hiyo inazuia mtikisiko wa mkono wako tu, haimzuii mtu kusogea. Na hapa nasema kwa moyo wote: chenga ni afadhali kuliko mtikisiko. Chenga programu inazipunguza, uso uliotikisika hauna dawa ya kuaminika. Panda ISO bila woga.

Zoezi moja linafundisha haraka. Siku ya jua kali lisilo na wingu, weka kila kitu kwa mkono: f/16, ISO 100, shata 1/100. Piga kitu kilichopigwa na jua kwa mbele. Picha itatoka sawa bila kipimo chochote, na wapiga picha wa filamu walitegemea sana kanuni hiyo. Halafu fungua hadi f/8, ukokotoe mwenyewe shata inapaswa kuwa ngapi.

#4 Mdau wa pili

Kutoka 16 kurudi 8 ni hatua mbili, kwa hiyo 1/400? Ila mimi nina simu tu mkuu, na tundu lake halibadiliki. Nisubiri hadi nipate kamera?

#5 Mwanzisha uzi

1/400, umepatia kabisa. Na usisubiri hata siku moja.

Simu nyingi zina tundu moja lisilobadilika, shata na ISO zinajichagulia zenyewe, na unapobonyeza mara moja zinapiga fremu kadhaa na kuziunganisha ili kupunguza chenga na kuokoa weupe. Kwa hiyo usiku tuliza mikono hata baada ya kubonyeza. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Usizumu kwa vidole kupita lenzi zilizopo, kwa sababu hapo simu inakata picha na kuikuza tu, tembea usogee.

Kilichobaki mikononi mwako ni mwanga, na ndicho kikubwa. Mweke mtu mmoja karibu na dirisha, uzime taa za ndani ili rangi mbili za mwanga zisigombane usoni. Piga akiwa ameelekea dirisha, kisha mgeuze taratibu hadi dirisha liwe ubavuni, kisha hadi liwe kisogoni. Kila hatua tazama kivuli cha pua. Akilitazama dirisha, kivuli karibu hakipo na uso ni laini lakini bapa. Akigeuka kidogo, kivuli kinaanza kutambaa shavuni na uso unapata umbo. Akigeuka zaidi, upande wa pili unaingia gizani na linabaki doa la mwanga chini ya jicho. Hapo katikati kuna mahali uso wa yule mtu unapendeza kuliko kwingine kote, na kila uso una pake. Tafuta pale kabla hujagusa programu yoyote.

#6 Mdau wa tatu

Naheshimu maelezo, ila mnazidisha ugumu. Mimi filta moja nikibonyeza watu wanapenda, kazi imekwisha. Na mambo ya RAW, yale mafaili ghafi ya kamera, yanajaza kadi bure. Mteja haulizi ngazi 256.

#7 Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito mkuu, na JPEG siikatai. Mwanga ukiwa mzuri na rangi ikiwa sahihi tangu kwenye kamera, JPEG inatosha na inaokoa muda. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096 kwa kila rangi, ya biti 14 ina 16,384, na rangi bado haijaamuliwa moja kwa moja ndani ya faili. Faida yake inaonekana unapoinua kivuli kizito au kusahihisha rangi ya taa mbovu. JPEG ukiivuta hivyo, anga linaanza kukatika mistarimistari.

Filta ni mpangilio wa vitelezi ambao mtu mwingine aliupanga kwa picha nyingine. Mwanga wako ukifanana na wake, inakaa vizuri. Usipofanana, inavuruga, na usipojua imegusa nini huwezi kuitibu. Fungua ile unayoipenda, angalia imesogeza vitelezi gani, kisha ipunguze nguvu hadi nusu.

Sasa uhariri wenyewe. Tuchukue yule mtu wa dirishani, shavu moja lina mwanga, jingine limo kivulini. Naanza kwa kunyoosha na kukata, maana sioni sababu ya kurekebisha kona nitakayoitupa. Kisha rangi ya mwanga. Hupimwa kwa Kelvin: mshumaa ni karibu 1900, balbu ya zamani ya waya karibu 2700, jua la mchana kama 5500, kivulini chini ya anga la bluu 7000 na zaidi. Dirisha lisilopigwa na jua mara nyingi huacha ubluu, hivyo nasogeza kuelekea njano mpaka shati jeupe liache kuonekana baridi. Siufuti ubaridi wote kama ilikuwa asubuhi ya mvua, kwa sababu hali ya hewa nayo ni sehemu ya picha.

Halafu mwangaza wa jumla, kidogo. Halafu sehemu angavu nazishusha mpaka shavu la upande wa dirisha lionyeshe vinyweleo tena. Kisha vivuli juu, na hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Watu wanaviinua hadi mashavu mawili yanalingana, na ile kazi yote ya dirisha inapotea. Kivuli kibaki kivuli. Jicho la upande wa giza likishaonekana, simama. Vivuli vikiinuka picha huwa kama imetandwa na vumbi, kwa hiyo nashusha weusi kidogo ili mboni na nywele zipate uzito.

Rangi nazigusa mwishoni. Sachuresheni inaongeza kila rangi kwa nguvu ileile, na ngozi ndiyo inayoumia kwanza. Vaibransi inaongeza zaidi zile zilizofifia na kuionea ngozi huruma, kwa hiyo natumia hiyo. Ukali naongeza baada ya yote, picha ikiwa imekuzwa kwenye skrini hadi asilimia 100. Kisha naiacha kwa muda na kurudi, kwa sababu jicho linazoea rangi upesi na baada ya nusu saa huoni tena kwamba ngozi imekuwa ya njano.

Programu: Snapseed kwa simu ni bure. Kwa kompyuta, darktable na RawTherapee ni bure na zinafungua RAW bila kugusa faili la asili. GIMP nayo ni bure, inafaa zaidi kwa kukata na kuunganisha. Lightroom na Photoshop ni za kulipia na ni nzuri mno, lakini yote niliyoeleza hapo juu yanafanyika bila hizo.

#8 Mdau wa nne

Mmenikumbusha chumba cha giza cha kuchapia picha za filamu, vijana wangu. Kuhariri hakukuanza na Photoshop mwaka 1990. Sisi tulikuwa tunaweka karatasi chini ya mashine ya kukuzia, mwanga ukishuka tunakinga sehemu kwa kiganja au kipande cha kadi kwenye waya ili ibaki na mwanga, na sehemu nyingine tunaiongezea sekunde ili iwe nyeusi zaidi. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, alipopiga mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, jua lilikuwa linaiacha misalaba ya makaburini na kipima mwanga hakukipata kwa haraka. Alikuwa anajua mwezi una mwanga kiasi gani, akapangia hapo. Baadaye akaichapa picha hiyo kwa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyokwenda anga akalitia giza zaidi.

#9 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Huo ndio ushahidi niliokuwa nautaka. Weupe wa mwezi aliulinda kwanza, kazi ya chumbani ikafuata.

Kwa wanaoanza: kile kiganja cha mzee leo ni brashi ya kuongeza au kupunguza mwanga sehemu moja tu. Iwekeni kubwa, laini, na nguvu ndogo. Macho kidogo juu, ukuta unaong'aa nyuma kidogo chini, basi.

#10 Mdau wa tano

Mimi napiga picha za familia. Wenye ngozi nyeusi sana wanatoka ama wamezama ama wamepauka kama wamepakwa majivu. Na wakikaa na mtu mweupe ndiyo kabisa, nikimpatia huyu, yule anaungua. Tatizo ni kamera?

#11 Mwanzisha uzi

Dada, hili nalipa nafasi kubwa, na kosa si la ngozi ya mtu hata kidogo. Teknolojia yenyewe ina historia. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zinaweza kabisa, ila zinataka kuongozwa.

Kupauka kunatokana na kile kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inadhani pana giza na inaongeza mwanga. Gusa uso, kisha shusha kidogo hadi weusi wake urudi. Kuzama kunatokea nyuma yake kukiwa na anga au ukuta mweupe. Hapo badilisha alichoegemea, au mgeuze mwanga umwangukie usoni.

Halafu ujue kwamba ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Ile mistari ya mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye pua, kwenye bega, ndiyo inayochora uso. Kwa hiyo unahitaji chanzo kikubwa cha mwanga kilicho karibu: dirisha pana, ukuta mweupe unaorudisha jua, shuka jeupe. Flashi ndogo ya usoni inatoa doa moja kali kwenye paji na kuacha kwingine kote bila umbo. Mng'ao usiufute wote kwenye programu, maana ukiufuta umefuta sura.

Wakiwa wawili, mwenye ngozi nyeusi zaidi akae karibu na mwanga. Kwa taa ndogo, umbali ukiongezeka maradufu mwanga unabaki robo: aliye mita 2 anapata robo ya anachopata aliye mita 1. Dirisha kubwa halipungui kwa kasi hiyo, lakini hatua moja bado inaonekana. Pima kwa yule mweupe asiungue, kisha kwenye kuhariri tumia brashi kumwinua mwenzake kidogo. Ngozi nyeusi ikiwa na majivu, mara nyingi rangi ya mwanga imeelemea bluu. Ongeza joto kidogo kabla hujagusa mwangaza.

#12 Mdau wa kwanza

Nimejaribu la dirishani leo, nimebaki mdomo wazi. La mwisho mkuu: nikimtumia mtu picha inafika imeharibika. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa safi.

#13 Mwanzisha uzi

Hongera sana! Kuna mambo mawili hapo. JPEG hupoteza kitu kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na programu za ujumbe huibana tena. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha, ifike ilivyo. Ya mtandaoni itoe kwa sRGB (mpangilio wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi), upande mrefu pikseli 2048, ukali uuongeze baada ya kuipunguza ukubwa. Ya kuchapa iache kubwa: kwa pikseli 300 kwa inchi, karatasi ya inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2400 kwa 3000.

Na skrini yako usiiweke mwanga wa mwisho unapohariri, vinginevyo kila picha utaitia giza bila kujua. Sasa tuwekee hapa hiyo ya dirishani, zote mbili, kabla na baada ya kuhariri, tuone kivuli cha pua kimeangukia wapi.